Lucy Mair: Mwanazuoni wa Ndoa na Mahari

Lucy Mair alizaliwa Uingereza mwaka 1901. Alijifunza anthropolojia London chini ya Bronislaw Malinowski, kisha mwaka 1931 akaenda kufanya utafiti miongoni mwa Waganda. Zama hizo wageni wengi waliichukulia mahari kuwa bei ya mke. Mair aliichambua kama mkataba wa koo mbili, unaoamua hadhi ya mke na haki juu ya watoto. Alionyesha pia jinsi kazi za mshahara zilivyoitikisa ndoa ya Kiafrika. Kitabu chake kuhusu ndoa kilitoka mwaka 1971.

Kwa Waluhya, mchango wake umefunikwa na jina la mwanamume. Mjerumani Günter Wagner alitafiti Kavirondo ya Kaskazini, wilaya iliyojumuisha Matete ya leo, katika miaka ya 1930. Alifariki mwaka 1952, juzuu ya pili ya kazi yake, kuhusu uchumi, ikiwa haijachapishwa. Mair ndiye aliyeihariri, ikatoka mwaka 1956.

Mair alifariki mwaka 1986. Mtafiti wa jinsia aifunguapo juzuu hiyo, asilipite jina la mhariri.