Mwalimu Nyerere, mfasiri kutoka Butiama

Wengi mkoani Mara, kuanzia Bunda hadi Musoma, wanamkumbuka Julius Kambarage Nyerere kama rais wa kwanza na Baba wa Taifa. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mfasiri, na kwamba kazi hiyo aliiendeleza hata alipokuwa Ikulu.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alianza Shule ya Mwisenge, Musoma. Baadaye alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, Uskoti, alikohitimu mwaka 1952.

Mwaka 1955, baada ya kuisemea TANU kwenye Umoja wa Mataifa, New York, aliacha ualimu Pugu ili aendelee na siasa. Alirudi nyumbani bila mshahara. Kwa miezi kadhaa alimfundisha Kizanaki padri mmoja wa shirika la Maryknoll na kumsaidia kutafsiri maandishi ya kanisa.

Mwaka 1963, akiwa rais, ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caezar. Katika utangulizi alieleza kwamba Kiswahili ni lugha tajiri, lakini utajiri huo hukua pale lugha inapopewa kazi mpya. Mwaka 1969 aliitoa tena baada ya kuisahihisha, na safari hii hata jina lilivaa Kiswahili: Juliasi Kaizari.

Mwaka huohuo ikatoka tamthilia ya pili, Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza, jina lake linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu aliandika mabepari, watu wanaoishi kwa nguvu ya mtaji. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu, na msomaji alijua neno hilo linamlenga nani. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya mfasiri: neno moja analochagua linaweza kugeuza namna hadithi nzima inavyosomwa.

Wengine nao walitafsiri. S. S. Mushi alitoa Makbeth, kisha mwaka 1971 Mfalme Edipode, tanzia ya Mgiriki Sophocles. Tanzia ni mchezo unaoishia katika maafa.

Baada ya kustaafu, Mwalimu alirudi kwenye maandiko ya dini. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili zote nne na Matendo ya Mitume.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama. Hadi leo wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya juu. Mtoto wa Kizanaki aliyeanza shule akiwa na miaka 12 aliwajibu kwa vitabu.