Branch Rickey, mzee aliyepima mikono ya vijana

Mwezi wa 6 mwaka 1965, wakubwa wa ekipe 20 za besiboli za Marekani walikutana mjini New York juu ya kazi ambayo hawakuwa wameifanya hata siku moja: kugawana vijana. Kila ekipe ilitaja kwa zamu jina la kijana anayetoka masomoni, na tangu dakika ile hakuna ekipe ingine iliyokuwa na ruhusa ya kumfanyia kontra. Zamu hiyo inaitwa drafti. Mbele ya pale, mwenye pesa mingi njo alichukua kijana mwenye mkono mzuri. Mwaka 1964 ekipe moja ilikuwa imelipa dola 205.000 kwa mwanafunzi mmoja tu, na wengi wakaona sherti kuweka mpaka.

Wakati ule Branch Rickey alikuwa na miaka 83. Katika wote waliowafundisha wakubwa hao namna ya kumwangalia kijana asiyejulikana na kusema huyu atafika, huyu hatafika, yeye alikuwa wa mbele. Tena maisha yake yanaonyesha kama hata jicho la mtu mwenye akili mingi linakosea.

Kazi ya mrushaji

Kwa wale wasiojua huu mchezo: katika besiboli, mrushaji anasimama karibu mita 18 na nusu mbali na mpigaji, anatupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu. Mpigaji anashika fimbo na kujaribu kuupiga. Nyuma ya mpigaji kuna mdakaji, anayeupokea mpira ukipita. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Kwa kawaida ekipe moja sherti itolewe mara 27 ndipo mechi iishe. Ekipe yenye mrushaji mzuri inaweza kuwashinda wenye nguvu kuipita, na ndiyo sababu mrushaji kijana anatafutwa sana.

Lakini mkono wa mrushaji ni kitu cha hatari. Kijana wa miaka 17 anaweza kutupa mpira kuliko wote wa mji wake, na akifika miaka 21 bega limekufa. Mwenye kumchagua analipa leo juu ya kitu cha kesho.

Mkono wake mwenyewe ulikufa mbele

Rickey alizaliwa tarehe 20 Desemba 1881 kusini mwa jimbo la Ohio, katika familia ya walimaji, watu wa kanisa la Metodisti. Alimwahidi mama yake kama hatacheza siku ya Mungu, na ahadi hiyo aliishika hata alipokuwa mchezaji wa kulipwa. Akiwa kijana alifundisha katika shule ya mashambani, kisha akaingia chuo kikuu cha Ohio Wesleyan, fasi alipocheza na kuwa pia antreneri wa wanafunzi.

Huko chuoni alikuwa na mchezaji mmoja mweusi, Charles Thomas. Siku moja ekipe ilifika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, na hoteli ikakataa kumpokea Thomas juu ya rangi ya ngozi yake. Rickey alibishana mpaka wakakubali Thomas alale katika chumba chake yeye mwenyewe. Usiku ule alimwona kijana analia na kusugua mikono yake, sawa vile anataka kuondoa ile ngozi. Rickey aliendelea kuielezaka hiyo habari mpaka uzee.

Kama mchezaji, hakufika mbali. Alikuwa mdakaji, na kazi ya mdakaji ni pia kuwazuia wapinzani wanaokimbia kuiba kituo. Tarehe 28 Juni 1907, akichezea ekipe ya New York huku mkono wake unauma, wachezaji wa Washington walimwibia vituo 13 katika mechi moja. Kisha akashikwa na kifua kikuu. Alipopona, alisoma sheria katika chuo kikuu cha Michigan, akapata diploma ya avoka mwaka 1911. Wakati ule ule alikuwa antreneri wa besiboli ya chuo.

Kijana wa kwanza: George Sisler

Pale Michigan alikuja mwanafunzi mwembamba, George Sisler, mrushaji wa mkono wa kushoto. Wanafunzi wakubwa walishindwa kabisa kupiga mipira yake. Rickey aliona haraka kama huyu si mtoto wa kawaida. Lakini kulikuwa na shida: Sisler alikuwa ameisha kutia sahihi kwenye karatasi ya ekipe moja ya Ohio akiwa mtoto, bila ruhusa ya baba yake. Karatasi ile ikaendelea kuuzwa mpaka mikononi mwa ekipe kubwa ya Pittsburgh, ikasema kijana ni wake. Rickey, avoka, aliisaidia familia kupinga. Mwishoni wakubwa wa besiboli wakatamka kama ile kontra haina nguvu. Mwaka 1915 Sisler akaingia St. Louis Browns, ekipe iliyoongozwa na Rickey.

Mwaka ule ule Sisler alimshinda Walter Johnson, mrushaji mwenye kuogopwa kuliko wote, kwa 2 kwa 1. Hata hivyo Rickey hakumwacha kazi ya kurusha. Alikuwa ameona kitu kingine: kijana huyu anapiga mpira kuliko anavyoutupa, na mrushaji hachezi kila siku. Akamtoa hapo. Mwaka 1920 Sisler alipiga mipira mizuri 257, hesabu ambayo haikupitwa na mtu mpaka mwaka 2004. Kwa Rickey, kupima kijana kulikuwa pia kutafuta fasi inayomfaa.

Wengi wakusanywe, wachache wabaki

Kufika miaka ya 1920, Rickey alikuwa kiongozi wa St. Louis Cardinals, ekipe masikini. Ekipe tajiri zilinunua wachezaji walioiva, yeye hakuwa na franga. Basi akafikiri: kama hatuwezi kununua, tulee wenyewe. Akaanza kuchukua ekipe ndogo za miji midogo, moja kisha ingine, mpaka kufika mwaka 1940 Cardinals walikuwa na ekipe za kulelea zaidi ya 30.

Kujaza ekipe hizo, alifungua majaribio kwa kila mtu. Mamia ya vijana walikuja, wengine wakitoka mashambani. Walitupa, walikimbia, na wengi walirudi nyumbani. Wakati ule hakukuwa na mashini ya kupima mwendo wa mpira mkononi mwa mtu wa kutafuta vipaji. Kulikuwa na jicho, na sikio la kusikiliza mlio wa mpira katika glovu. Rickey aliamini kama mwendo wa mkono na wa miguu mtu anazaliwa nao, hakuna antreneri atakayeuleta. Kuulenga mpira na kuupindisha, hayo yanaweza kufundishwa. Alitaka pia kujua mambo ya nje ya uwanja: kijana ametoka katika nyumba ya namna gani, ameoa, anakunywa pombe, akishindwa anafanya nini.

Katika wingi ule alipatikana Dizzy Dean, mtoto wa wachumaji pamba wa Arkansas, aliyechukuliwa mwaka 1930. Mwaka 1934 Dean alishinda mechi 30, na Cardinals wakatwaa kombe kubwa. Mwaka 1937 mpira ulimvunja kidole cha mguu. Alirudi haraka mno, akabadili namna ya kutupa juu ya maumivu, na mkono ukaharibika. Mwaka 1938 Cardinals walimuuza Chicago kwa dola 185.000 na wachezaji watatu. Dean hakurudi tena kuwa yule wa zamani.

Hapa kuna upande ambao wapenzi wa Rickey hawasemaki sana. Kontra yake ilimpa sehemu ya faida wakati mchezaji anauzwa. Vijana wa ekipe za kulelea walilipwa kidogo sana, na sheria ya wakati ule iliwafunga: kijana hakuweza kwenda kwingine hata kama njia ya juu imezibwa na wengine kumi. Mwaka 1938 mkubwa wa besiboli yote, mwamuzi Landis, aliona kama Cardinals wanawaficha vijana, akawaachilia huru zaidi ya 70 kwa siku moja.

Mlango uliofungwa kwa weusi

Mwisho wa mwaka 1942 Rickey alihamia Brooklyn Dodgers. Kwa miaka zaidi ya 50, ligi kubwa zilikuwa zimewafungia mlango wachezaji weusi, nao walikuwa na ligi zao. Watafutaji wengine walipita karibu na viwanja vile bila kuangalia. Rickey aliwatuma watu wake waangalie. Mwezi wa 8 mwaka 1945 alikutana na Jackie Robinson, na tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akacheza katika ligi kubwa.

Habari ya Robinson inajulikana. Kidogo inajulikana ya warushaji. Mwaka 1946 Rickey alimchukua Don Newcombe, kijana mrefu wa miaka 19. Mwaka 1956 Newcombe akawa mtu wa kwanza kupata zawadi ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora wa mwaka. Mbele yake, mwaka 1947, Dan Bankhead alikuwa mrushaji mweusi wa kwanza katika ligi kubwa. Lakini pia hapa kuna deni: kwa Robinson na kwa Newcombe, Rickey hakulipa franga hata moja kwa ekipe za weusi zilizowalea. Wenye ekipe hizo walilalamika, na walikuwa na haki.

Katika kambi yao ya Florida, Rickey alisimamisha miti miwili na kufunga kamba, zikaonyesha dirisha ambamo mpira sherti upite. Warushaji walitupa katikati ya kamba siku nzima. Tena mwaka 1947 aliajiri mtu wa kuhesabu kila mpira, juu hakutaka kutegemea jicho peke yake.

Jicho likakosea

Mwaka 1950 alienda Pittsburgh Pirates, akiwa karibu na miaka 70. Huko ndiko alikoumia. Tarehe 13 Mei 1952, Ron Necciai, kijana wa miaka 19 wa ekipe yao ndogo ya Bristol, aliwakosesha wapigaji 27 katika mechi moja. Nchi nzima ilishangaa. Rickey aliamini amepata mrushaji wa kizazi. Mwaka ule ule wakampandisha: alishinda mechi 1, akashindwa 6. Alikuwa na vidonda vya tumbo, kisha bega likaharibika. Hakuonekana tena katika ligi kubwa.

Mwaka 1954 mwanafunzi mwingine alikuja kujaribiwa katika uwanja wa Pittsburgh, Sandy Koufax wa Brooklyn. Mipira yake ilikuwa na nguvu mpaka ikamvunja kidole gumba mtu aliyemdakia. Rickey aliona ule mkono na kuusifu. Lakini sheria ilisema kijana akilipwa zaidi ya dola 4.000, sherti abaki miaka miwili katika ekipe kubwa, hata kama hajaiva. Pirates hawakufikia mapatano naye, Dodgers wakamchukua. Miaka sita ya kwanza Koufax alishindwa kuulenga mpira, wengi wakasema ni hasara. Kisha akawa mrushaji aliyewashinda wote wa wakati wake.

Kwa Pirates, mwaka 1952 ulikuwa aibu: walishinda mechi 42, wakashindwa 112. Rickey aliacha uongozi mwaka 1955. Lakini mwaka 1960 Pirates walitwaa kombe, na katika ekipe ile walikuwemo Roberto Clemente na mrushaji Elroy Face, wote wawili walichukuliwa wakati wake.

Jina la 295

Mwaka 1959 alijaribu kuanzisha ligi ya tatu. Haikucheza hata mechi moja, lakini ilizisukuma ligi kubwa kuongeza ekipe, na moja yake ni New York Mets. Ile siku ya drafti ya 1965, Mets walikuwa na zamu ya pili katika nchi nzima. Walimtaja Les Rohr, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Montana. Baada ya majina mengi sana, kwenye jina la 295, walimtaja mtoto mwembamba wa Texas, Nolan Ryan.

Rohr alicheza mechi 6 tu katika ligi kubwa, akaumia. Ryan alitupa mpaka mwaka 1993, akiwa na miaka 46, na aliwakosesha wapigaji 5.714. Hakuna mrushaji aliyefika hapo.

Rickey hakuyaona. Tarehe 9 Septemba 1965 Koufax alicheza mechi ambamo hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituo. Mwezi wa 11, katika sherehe moja ya Columbia, jimbo la Missouri, mzee Rickey alianguka akiwa anatoa hotuba, akafa tarehe 9 Desemba. Mwaka 1967 jina lake liliwekwa katika nyumba ya heshima ya besiboli. Maandishi aliyofanya juu ya vijana aliowapima yanatunzwa mpaka leo katika maktaba kubwa ya Washington. Mengi yanahusu vijana ambao hakuna anayewakumbuka.