Jaji Wright wa South Carolina: Mtu wa Sheria Katika Zama za Misukosuko

Leo tunawaletea wasomaji wetu maisha ya hayati Jonathan Jasper Wright, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo lolote la Marekani.

Alizaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Pennsylvania. Alifanya kazi ya ualimu huku akijifunza sheria katika ofisi za mawakili, lakini alipoomba kufanya mtihani wa uwakili alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, wamisionari walimpeleka Beaufort, South Carolina, kuwafundisha askari weusi na watu waliotoka utumwani. Hakukata tamaa. Mwaka 1866, baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya haki za raia, alirejea kwao, akafaulu, akawa wakili mweusi wa kwanza wa Pennsylvania.

Alirudi Beaufort kuwa mshauri wa sheria wa watu walioachwa huru. Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano uliotunga katiba mpya ya South Carolina, katiba iliyowapa wanaume weusi haki ya kupiga kura. Mwaka huo huo akachaguliwa kuwa seneta wa jimbo. Mwezi Februari 1870, baraza la kutunga sheria lilimchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, yenye majaji watatu tu. Katika miaka saba aliandika hukumu zaidi ya 80.

Mtihani mkubwa ulimfika baada ya uchaguzi wa mwaka 1876. Wade Hampton na Daniel Chamberlain kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye gavana halali. Mwezi Februari 1877 Wright alitia sahihi amri iliyomtambua Hampton, kisha baada ya siku chache akaifuta sahihi yake. Hatutaki kuuficha udhaifu huo. Lakini ni wangapi wangesimama imara huku wamezingirwa na vitisho? Mwezi Aprili majeshi ya serikali kuu yaliondoka katika Ikulu ya jimbo, na Hampton akashika madaraka. Wright alishitakiwa kwa ulevi, akajiuzulu mwaka huo huo.

Hata hivyo hakuiacha sheria. Aliwafundisha vijana weusi taaluma hiyo, na mwaka 1885 alifariki kwa kifua kikuu mjini Charleston. Ilipita miaka 108 tangu ajiuzulu, hadi mwaka 1985, ndipo Ernest Finney, mtu mweusi wa pili, alipochaguliwa kuingia katika mahakama hiyo.

Sisi tuliolelewa katika nidhamu ya jeshi tunajifunza jambo moja hapa: katiba nzuri ikikosa walinzi waaminifu hubaki karatasi. Na mlinzi akiondoka kabla ya zamu kwisha, anayeumia ni mnyonge.