Askofu Colenso na Kitabu cha Hesabu

Mhariri aliniomba niandike habari za mtu mashuhuri kwa ajili ya gazeti letu la mwaka huu, na kwa kuwa nilifundisha hesabu kwa muda mrefu, nadhani alitazamia nimlete Newton. Mimi nimemchagua mwalimu mwingine wa hesabu, John William Colenso, Askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal, Afrika Kusini. Wenzangu wa miaka yetu watakumbuka jinsi tulivyokariri katekisimu, na jinsi mwenye kuuliza swali alivyotazamwa kwa jicho la ukali. Wanafunzi wa sasa wanauliza zaidi, nami nafurahi. Habari hizi ni zao kwanza.

Colenso alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1814, katika jamaa isiyokuwa na fedha. Mwaka 1836 alishika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Akafundisha katika shule ya Harrow, na huko moto ukamteketezea mali yake, akabaki na deni kubwa la kiasi cha pauni 5,000. Vilivyomwokoa ni kufundisha wanafunzi mmoja mmoja, pamoja na vitabu vyake vya shule, cha aljebra (1841) na cha hesabu (1843), ambavyo vilienea sana.

Aliwekwa kuwa askofu mwaka 1853, na mwaka 1855 akahamia Natal na jamaa yake. Karibu na mji wa Pietermaritzburg alijenga misheni iliyoitwa Ekukhanyeni, maana yake mahali penye nuru. Akajifunza Kizulu kwa bidii ya ajabu, akatunga sarufi na kamusi. Wazulu wakamwita Sobantu, yaani baba wa watu.

Jambo la kwanza alilolipima ni ndoa. Wamisheni wengi walimtaka mwanamume mwenye wake kadhaa awaache wote ila mmoja kabla ya kubatizwa. Colenso hakupenda ndoa za wake wengi, lakini aliona kuwafukuza ni talaka, na talaka Kristo aliikataza. Isitoshe, waende wapi, na watoto wao? Wakubwa wa kanisa hawakumsikiliza. Mkutano wa maaskofu huko Lambeth mwaka 1888 ulikataa watu hao wasibatizwe, na ulikuwa mwaka 1988, miaka mia kamili, ndipo mkutano kama huo ulipokubali kwa masharti. Wasomaji ambao babu zao walibaki mlangoni mwa kanisa hawahitaji maelezo zaidi.

Swali kubwa, walakini, hakulianzisha yeye. Msaidizi wake katika kutafsiri Biblia alikuwa Mzulu Mkristo, William Ngidi. Walipofika katika habari za gharika, Ngidi alimwuliza kama kweli anaamini kwamba wanyama wote wa nchi za joto na za baridi walikuja wawili wawili wakaingia safinani, na kwamba Nuhu alipata chakula cha wote, hata simba na tai. Colenso alikuwa amesoma habari za miamba na umri wa dunia, akajua kwamba hawezi kujibu ndiyo bila kusema uongo kwa jina la Mungu. Tena walipotafsiri katika Kutoka ile sheria ya mtu anayempiga mtumwa wake, kwamba mtumwa akiishi siku moja au mbili ndipo akafa, bwana wake haadhibiwi kwa kuwa ni mali yake, Ngidi alichukizwa mno. Hakuweza kuamini kwamba Mungu mwenye huruma aliyefundishwa ndiye aliyesema vile.

Mwingine angalimwambia msaidizi anyamaze, kazi iendelee. Colenso alikwenda mezani akapiga hesabu. Ua wa hema ya kukutania ulikuwa dhiraa 100 kwa 50. Wanaume wa Israeli walikuwa zaidi ya 600,000, na mkutano wote uliitwa mlangoni. Wanafunzi wakitaka, wagawanye: ni watu 120 katika kila dhiraa ya mraba. Tena Kitabu cha Hesabu kinataja wazaliwa wa kwanza wa kiume 22,273 tu, maana yake kila mama angekuwa na wana zaidi ya 27. Kitabu chake juu ya Musa na Yoshua kilianza kutoka mwaka 1862, kikaleta ghasia.

Kwa maoni yangu, alimsoma Musa kama daftari la mweka hazina, na vitabu vya kale havikuandikwa hivyo. Hata hivyo waliomshambulia walikuwa wakidai kila tarakimu ni sahihi, na mwenye dai la namna hiyo hana haki ya kulalamika akisahihishwa.

Askofu Gray wa Cape Town alimhukumu mwaka 1863 na kumvua uaskofu. Baraza la Malkia huko London likaamua mwaka 1865 kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Gray akamtenga na kanisa mwaka 1866, na baadaye Natal ikawa na maaskofu wawili wasiosalimiana. Colenso alibaki katika kanisa lake kuu akihubiri.

Kuna urithi mmoja aliochelewa kuupima, nao ni serikali ya watu wake. Rafiki yake mkubwa alikuwa Theophilus Shepstone, aliyesimamia mambo ya Waafrika Natal. Kumpima Musa kulimchukua miaka michache, bali urafiki ule ulivunjika mwaka 1874 tu, Chifu Langalibalele alipohukumiwa kwa kesi isiyo ya haki akapelekwa kisiwa cha Robben. Colenso akasafiri hadi London kumtetea, na gavana akaondolewa. Mwezi Machi 1879, majuma machache baada ya Wazulu kulishinda jeshi la Waingereza pale Isandlwana, Wazungu wa Natal walikuwa wakilia wafu wao. Colenso akapanda mimbarani na kitabu cha Mika, akawauliza kama wao wenyewe walikuwa wametenda haki na rehema kwa Wazulu. Wengi waliokuwa wamemsamehe hesabu za Musa hawakumsamehe mahubiri yale.

Akaendelea kumtetea Mfalme Cetshwayo aliyekuwa kifungoni. Alifariki tarehe 20 Juni 1883, akazikwa mbele ya madhabahu ya kanisa lake la Mtakatifu Petro, chini ya jiwe lenye jina Sobantu. Binti yake Harriette alizishika karatasi zake, na miaka michache baadaye Waingereza walipomshtaki Dinuzulu, mwana wa Cetshwayo, ni yeye aliyemtafutia mawakili.