Grace Hopper na Lugha ya Mashine

Wapo wanafunzi wanaoniuliza mwanaisimu ana shughuli gani na tarakilishi. Mimi huwasimulia maisha ya Grace Hopper.

Mama huyu alizaliwa New York mwaka 1906. Akiwa na umri wa miaka saba alizifungua saa saba za kengele nyumbani kwao ili aone zinavyofanya kazi. Mwaka 1934 alipata shahada ya uzamifu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale. Alikuwa mwalimu hadi vita vilipomtia katika jeshi la wanamaji la Marekani, nalo likampeleka Harvard mwaka 1944 kuihudumia tarakilishi ya Mark I.

Huko yeye na wenzake waliazimana madaftari, wakanakili kwa mkono hatua zilizokwisha kufaulu. Kila hitilafu waliiandika. Mwaka 1947 nondo alipokwama ndani ya Mark II, alibandikwa kwenye daftari la kazi pamoja na tarehe yake.

Hata hivyo, kunakili kulizaa makosa. Ndipo mwaka 1952 Hopper akatunga programu iliyoifanya mashine yenyewe izikusanye hatua hizo. Programu iliyofuata, A-2, wateja walipewa mwaka 1953 pamoja na maandishi yake asilia, wakaombwa warudishe masahihisho. Naiona kuwa mbegu ya programu huria za leo.

Kisha alitaka mashine iagizwe kwa maneno ya kawaida. Wakubwa wake walikataa. Alipowaonyesha kwamba ingeweza kuagizwa hata kwa Kifaransa au Kijerumani, walishtuka, ilhali kwa mashine neno ni alama tu. Jitihada hizo zilizaa FLOW-MATIC, lugha iliyokuwa msingi wa COBOL ya mwaka 1959.

Nionavyo mimi, kasoro yetu iko hapa. Mwanafunzi wetu hukariri majina ya sehemu za tarakilishi, akaamini kwamba mashine ni mali ya Kiingereza. Hafungui programu ya mwenziwe, wala haandiki alichobadilisha, lini na kwa nini. Atawezaje kusimamia mtambo wa Linux, ambao maandishi yake yako wazi kwa yeyote?

Hopper alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa admirali wa miaka 79, akafariki mwaka 1992. Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi programu wazifungue, waziharibu, wazitengeneze, na watueleze kwa Kiswahili walichokiona humo.