Askofu aliyelea mpira

Thomas Croke alizaliwa Ayalandi mwaka 1824. Akiwa Askofu Mkuu wa Cashel, alisikitika kuona vijana wakiacha michezo ya wazee wao. Mwaka 1884 kilipoanzishwa chama cha kuifufua, ukiwamo mpira wa Kiayalandi, alikubali kuwa mlezi. Vilabu vingi vilifuata mipaka ya parokia. Mabingwa wa kaunti wakashindania ubingwa wa taifa tangu 1887. Croke alifariki 1902, na uwanja mkuu wa Dublin una jina lake.

Sisi wa Kibosho na Kilema tunajua thamani ya ardhi tambarare. Kabla parokia haijajenga vibanda vya kupangisha uwanjani, tujiulize: Jumapili jioni vijana wataelekea wapi? Aliyeumba roho ndiye aliyeumba miguu.