Paul Harris: Wakili mpweke aliyeasisi Rotary

Paul Harris, mwasisi wa klabu za Rotary, alizaliwa Aprili 19, 1868 mjini Racine, Wisconsin, nchini Marekani, na kulelewa na babu na bibi yake huko Vermont. Alihitimu masomo ya sheria mwaka 1891, na miaka mitano baadaye akaanza kazi ya uwakili Chicago, jiji alikokuwa mgeni.

Upweke ulimsukuma kutafuta wenzake. Februari 23, 1905 alikutana na mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani, wakaunda klabu. Vikao vilizunguka kwa zamu katika ofisi za wanachama, na mzunguko huo ndio uliozaa jina la Rotary.

Awali wanachama walitafuta urafiki na kupeana biashara. Mwaka 1906 wakili Donald Carter alikataa kujiunga, kwa hoja kwamba chama kinachowanufaisha wanachama pekee hakina mustakabali. Harris aliikubali hoja hiyo. Mwaka 1907 klabu ilishika kampeni ya kujenga vyoo vya umma jijini humo, kazi yake ya kwanza kwa jamii.

Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1930. Harris alifariki dunia Januari 27, 1947, na michango iliyotolewa kwa kumbukumbu yake iligharimia masomo ya vijana ng'ambo. Tangu mwaka 1985 klabu hizo zimechangia chanjo ya polio duniani, ikiwamo Afrika Mashariki.